Wewe wa kwanza kwenu kwenda chuo, na wewe mzazi wake

Hii ni hotuba niliyotoa Likoni, Mombasa, mbele ya vijana walioitwa vyuo vikuu pamoja na wazazi wao. Watu wameniomba sana niiandike, basi hii hapa, karibu vile vile nilivyoongea.

Asalaam aleikum wazazi wangu. Ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe. Wazee mlioko mbele nawapa heshima zenu, vijana hamjambo.

Nianze na pongezi maana naona zimetolewa haraka haraka. KCSE ya 2024, mtihani wa kumaliza sekondari, nchi nzima waliopata C+ kwenda juu walikuwa 246,391, yani kama robo tu ya wote waliofanya mtihani, na C+ ndio mlango wa digrii. Sasa mtoto wa shule ya kutwa hapa Likoni, jioni amerudi anamsaidia mamake kuuza, usiku tokeni za stima zimeisha anasoma kwa tochi ya simu, huyo akiingia kwenye ile robo basi jamani amefanya kazi ya watu wawili. Na wewe mama uliyekuwa ukimwamsha alfajiri hongera zako pia, usikae huko nyuma kama mgeni, shughuli hii ni yako.

Mlipokuwa mkiandikisha majina pale mlangoni niliwauliza wengi wenu, nyumbani kwenu kuna nani alishasoma chuo kikuu? Nikaambiwa hakuna, hakuna, kuna binamu yuko Voi lakini hatuongei naye sana, hakuna. Kwa hivyo wengi wenu nyinyi ndio wa kwanza. Na mimi nilikuwa wa kwanza kwetu. Mamangu ni mama karanga, yani anakaanga samaki na kuuza, wengine hapa mmekula samaki wake, babangu alikuwa kibarua Kilindini siku kazi ikipatikana, na neno semista halikuwahi kutajwa nyumbani kwetu mpaka nilipolileta mimi.

Nilicho nacho cha kusema ni hiki. Mtoto wa kwanza kwenda chuo akikwama, watu husema masomo yalimshinda, ama pesa zilikosekana. Pesa ni kweli, nitafika huko. Lakini wengi niliowaona wakikwama, kilichowakwamisha ni habari. Mambo madogo madogo ya namna chuo kinavyokwenda, ambayo hayajaandikwa popote, ama yameandikwa kwa Kizungu kigumu kwenye ukurasa wa mwisho wa barua, na wenzao wameyasikia nyumbani tangu wadogo bila hata kujua kwamba wanafundishwa. Yule wetu hana wa kumwambia, na lililo baya zaidi hajui kwamba kuna kitu cha kuuliza.

Nitawapa mfano. Semista ya kwanza hosteli nilikaa na msichana ambaye babake ni mwalimu wa sekondari na mamake ni nesi mwenye digrii. Msichana mzuri, hana maringo, chai tulikuwa tukipika pamoja. Matokeo ya CAT ya kwanza, ule mtihani mdogo wa katikati ya semista, yakatoka na sote wawili tumepata vibaya, hata nusu hatukufika. Usiku akampigia babake, mimi niko kitandani nasikia kila kitu maana chumba chenyewe unajua kilivyo. Babake hakushtuka. Akamuuliza, maswali lekchara alitoa kwenye slaidi ama kwenye kitabu? Past pepa za mwaka jana mnazo? Kesho nenda na karatasi yako ofisini kwake umuulize ulipokosea, na usilie, CAT ni 30 tu, mtihani ndio 70, bado uko sawa. Dakika chache tu, akakata simu akalala. Na mimi nikampigia mamangu. Mamangu akaniuliza, umekula? Huko baridi kali, ile sweta unaivaa? Nikamwambia nimekula, naivaa. Tukaagana.

Wazazi wangu naomba mnielewe vizuri hapa. Mapenzi ya mamangu hayakuwa madogo kuliko ya yule baba. Sweta yenyewe aliinunua Kongowea kwa pesa ya samaki, akaichagua kwenye mtumba mpaka akapata nzito. Lakini yule msichana aliamka asubuhi anajua pa kwenda, na mimi niliamka najua kwamba nimefeli, basi. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba CAT moja haiui mtu.

Na msidhani sisi wa kwanza kwetu tuko wengi hivi kwa sababu watu wa pwani hawapendi kusoma. Hilo neno nimelisikia sana huko bara, ati wapwani ni watu wa raha, na linaniudhi mpaka leo. Tuangalie miaka. Elimu ya msingi ilifanywa bure 2003, karo ya masomo kwenye sekondari za kutwa za serikali ikaondolewa 2008. Mzazi ambaye leo ana miaka arobaini na tano, 2003 ilipofika yeye alishatoka darasani kitambo, na kama kwao hakukuwa na ada aliachia darasa la tano ama la sita akaenda kutafuta. Halafu vyuo vikuu vya serikali vya huku kwetu, TUM, yani Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor na Pwani pale Kilifi, vyote vimepata hati zao Januari 2013, kabla ya hapo vilikuwa vyuo vishiriki tu, kwa hivyo mtoto wa huku akitaka digrii mara nyingi ilikuwa ni kupanda basi Mwembe Tayari usiku aende bara. Ukiweka hesabu hiyo pamoja utaona kwa nini nyumba nyingi za Likoni, za Kisauni, za Changamwe, mtu wa kwanza kwenda chuo ndio anatoka saa hizi.

Tena tukishataja Tudor. Hapo TUM palikuwa pakiitwa MIOME, chuo cha ufundi kilichojengewa Waislamu wa Afrika Mashariki enzi za mkoloni, Sultani wa Zanzibar na Aga Khan walichanga, baadaye 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, 1972 kikawa Poli, wazee wengi bado wanapaita Poli. Pale MIOME kulikuwa na karani kijana wa hapa hapa Mombasa, aliyezaliwa 1933, matokeo yake ya shule hayakutosha kumpeleka Makerere. Siku moja akapewa nafasi ya kuhutubia kwenye Maulidi, na Gavana wa wakati ule Sir Philip Mitchell alikuwepo akamsikia, ikawa sababu ya yule karani kupata skolashipu ya kwenda Uingereza. Akapata digrii yake Manchester 1960, ya pili Columbia kule New York 1961, na udaktari Oxford 1966. Huyo ni Profesa Ali Mazrui, Mungu amrehemu.

Watu hupenda kuisimulia hadithi hiyo waseme ona, bidii tu. Mimi naiona kwa upande mwingine. Mazrui alikuwa mtoto wa Kadhi Mkuu, Sheikh Al-Amin, nyumba ya elimu, nyumba ya vitabu, hotuba na mijadala alizikuta nyumbani. Na hata yeye mwenye yote hayo alihitaji mtu mmoja mwenye kujua njia amshike mkono. Sembuse mtoto wa kibarua. Tusiwaambie vijana wetu bidii, bidii, halafu tukawaacha mlangoni hawajui mlango unafunguliwa upande gani.

Wenzetu Marekani jambo hili wameliwekea mpaka sheria. Sheria yao ya elimu ya juu ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 8 Novemba 1965, na wana programu za serikali zinazoitwa TRIO ambazo kazi yake ni kumshika mkono mtoto wa nyumba isiyo na digrii, kumsaidia fomu, kumpa mtu wa kumuuliza. Tangu 2017 tarehe hiyo ya 8 Novemba vyuo vingi vya kule vinawasherehekea hao wanafunzi waziwazi. Sisi hapa tuna udugu, basi tuutumie huo.

Sasa nianze kuyasema yale ya mezani, yale ambayo wenzenu wameambiwa. Sitayasema kwa mpangilio, nasema yalivyo na uzito kwangu.

Kwanza kuitwa na KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo, si kulipiwa. Kuna wazazi wanafikiri serikali ikishakupa nafasi basi imelipa, wanashangaa siku ya kuripoti. Unaingia mwenyewe kwenye potali ya HEF, tovuti ya kuombea pesa ya masomo, unaomba, udhamini unatoka kwa Universities Fund, mkopo unatoka HELB, bodi ya mikopo ya serikali, wanakuweka kwenye bendi kulingana na hali ya kwenu, na kuna sehemu inabaki juu ya familia. Mfumo huu umeanza 2023 na umelalamikiwa sana, mpaka kortini umefika, na mimi pia nina maneno yangu juu yake, lakini wewe mwenye kufungua chuo hivi karibuni usikae ukingoja kesi. Omba. Na ukiona bendi uliyowekwa haifanani na hali ya kwenu, kuna njia ya kukata rufaa, itumie, usinung'unike WhatsApp ukaacha.

Na kwenye fomu andika ukweli. Hili nalisema kwa sababu nimewasaidia vijana wengi kujaza pale saiba na nimeona kitu kinanisikitisha. Kijana anafika kwenye swali la kazi ya baba, anasita, anaangalia kama mwenzake wa kompyuta ya pili anamuona, anaandika "mfanyabiashara". Babake anasukuma mkokoteni Markiti. Ile fomu haimjui babako, inajua ulichoandika, ukiandika mfanyabiashara utapimwa kama mtoto wa mfanyabiashara. Kazi ya babako ndio imekusomesha mpaka hapo, iandike kwa jina lake, na kipato kiandike kilivyo.

Ya pili ni kusajili yuniti. Kukaa darasani hakutoshi, kila semista lazima uingie kwenye potali ya chuo usajili yale masomo unayosoma, na kuna tarehe ya mwisho. Nimeona mtu amehudhuria semista nzima, amefanya CAT zote, siku ya mtihani jina halipo kwenye orodha kwa sababu alifikiri ukishaandikishwa mwaka wa kwanza ndio basi. Hakuwa mjinga, sekondari ndivyo ilivyo, unaingia darasani unapewa kila kitu. Chuo hakikutafuti.

Kwenye ile karatasi ya karo nayo kuna vitu vidogo vidogo, medikali, chama cha wanafunzi, kitambulisho, kuna na pesa inaitwa caution money. Hiyo caution huwa inarudishwa ukimaliza kama huna deni wala hukuvunja kitu, na watu wengi wanaondoka bila kuidai. Isomeni ile karatasi na mzazi wako, mstari kwa mstari, kabla hujaenda.

Halafu kuna jambo la adabu, na hapa nataka niongee polepole maana ni gumu. Sisi huku tumelelewa kwamba mtoto mwenye adabu hasimami mlangoni pa mtu mkubwa bila kuitwa. Mkubwa akiongea unanyamaza, ukikosa kuelewa unauliza mwenzako baadaye, humuulizi yeye mbele za watu ukaonekana unamjaribu. Malezi hayo mazuri na sitaki mtu ayatupe, nayatumia mpaka leo. Lakini sasa mtoto huyo anaingia kwenye ukumbi wa watu mia tatu, lekchara anaongea haraka, anamaliza, anauliza kuna swali? Kimya. Anaenda zake. Na yeye lekchara akiona kimya anajua mmeelewa. Ofisini kwake pana saa ameziweka za kuonana na wanafunzi, zimebandikwa pale mlangoni, na wale wanaokwenda ni wale wale kila wiki, wale waliofundishwa na baba zao kwa simu, na sisi wengine tukiwaona tunasema hao wanajipendekeza. Hapana. Kwenda kuuliza ni sehemu ya masomo yenyewe. Piga hodi, sema asalaam aleikum ama habari ya asubuhi, sema jina lako, yuniti yako, toa swali lako, shukuru, toka. Adabu yako yote iko hapo hapo, hujaivunja hata kidogo.

Na kule utachekwa lafudhi, utaulizwa kwa nini unasema hivi, wengine watafanya mzaha wa majini na wa uvivu. Wewe ongea tu. Halafu ukirudi huku likizo utaambiwa umekuwa mtu wa bara, unajiona. Hilo la nyumbani ndilo linalouma zaidi kwa kweli. Wazazi, mtoto akirudi amebadilika kidogo namna ya kuongea, ana mawazo mapya, msimkate maneno. Muulizeni, huko mnasoma nini? Hata kama jibu hamtalielewa lote, mwacheni aseme. Mimi mamangu alikuwa akinisikiliza huku anaparaza samaki magamba, na nikimaliza anasema haya, na huyo mwalimu wenu naye mkali? Nilikuwa nafurahi kuliko ninavyoweza kuwaelezea.

Sasa pesa. Hapa naongea na wazazi, na mashangazi, na wajomba, na kaka wakubwa.

Mkopo wa HELB ule wa karo unakwenda moja kwa moja chuoni, ule wa matumizi unakuja kwa mwanafunzi mwenyewe. Ukishaingia tu, simu zinaanza. Stima zimekatwa. Mdogo wako amerudishwa nyumbani, hajalipa lanchi. Nyanya anataka dawa za presha. Na yote ni kweli, hakuna anayedanganya, hiyo ndio inayofanya iwe ngumu. Mtoto anatuma, anatuma tena, kufika katikati ya semista anakunywa chai ya rangi asubuhi na usiku, mchana anasema nina funga. Nimewaona wasichana wakizimia darasani. Na nimewaona wakitafuta msaada kwa watu ambao hawakuwatakia mema, sitaki kusema zaidi mbele ya wazee lakini mmenielewa.

Ile pesa ni deni jamani. Ina riba ya asilimia 4 kwa mwaka, mwaka mmoja baada ya kumaliza anatakiwa aanze kulipa, kazi ipo kazi haipo. Sisemi asisaidie kwao, mimi nilikuwa natuma na natuma mpaka leo na nitaendelea inshallah, mtoto asiyejali kwao simsifu. Ninachoomba ni kikao. Kabla hajapanda basi, kaeni, baba mama na wakubwa wengine wenye sauti, mkubaliane kwamba miaka hii minne mtoto huyu pesa yake ni ya kula na kusoma, dharura ni hizi na hizi, na anayepiga simu kuomba apitie kwa mama kwanza. Mama awe ndio ngao yake. Mtoto mwenyewe hawezi kumwambia mjomba hapana, nyinyi mnaweza.

Na sasa nifike kwa lile ambalo nilitaka sana mlisikie wazazi, maana nimewaona wengine mmeinamisha vichwa kama mnalaumiwa. Mimi mtu aliyenifundisha kuishi chuo ni mamangu, na mamangu hajakanyaga hata geti la chuo mpaka siku ya mahafali.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa na deni la karo, mitihani inakaribia, na wenye deni hawapewi kadi ya mtihani. Nimejificha, sipiti hata karibu na ile ofisi ya fedha. Nikamwambia mamangu kwa simu, nalia. Mamangu akaniuliza, umekwenda kuwaona? Nikamwambia nitakwendaje na sina pesa. Akasema sikiza mwanangu. Mimi nikiwa sina pesa ya mvuvi, siku hiyo ndio naamka mapema zaidi. Nakwenda kumuona kabla yeye hajaanza kunitafuta. Namwambia fulani leo sina, nina hii kidogo, nyingine Ijumaa. Ukimkimbia mtu anayekudai, kesho samaki anampa mwingine. Ukimwendea anajua wewe ni mtu.

Nikaenda. Nimevaa vizuri, nimebeba risiti zangu zote na kile kidogo nilichokuwa nacho. Yule mama wa ofisi ya fedha akaniangalia, akatoa fomu kwenye droo, tukaandikiana kulipa kwa awamu, akanipa kadi. Fomu ilikuwepo siku zote kwenye droo! Mamangu hakujua kama kuna fomu, alijua watu.

Na ana daftari. Wateja wa mkopo wote wamo, jina, siku, pesa ngapi, ameandika kwa herufi kubwa kubwa zake. Nami nikafanya langu, kila CAT niliyofanya, tarehe, lekchara, na karatasi nimeziweka kwenye bahasha. Baadaye marks za yuniti moja zikapotea, kitu cha kawaida sana vyuoni wala msishangae, tukaambiwa tulete ushahidi kwamba tulifanya. Wenzangu wengine ikabidi warudie yuniti nzima. Mimi nilifungua bahasha.

Kwa hivyo mama unaponiambia mimi sikusoma nitamsaidia nini, nakwambia una mengi. Unajua kudai na kudaiwa. Umeendesha chama cha kina mama kumi na tano na hakijavunjika. Baba unajua kuamka saa tisa kwenda kupanga foleni ya kazi bila uhakika. Muulize mtoto shida yake imekaaje, mwache aieleze mpaka mwisho, halafu mwambie wewe kwenye kazi yako ungefanyaje. Mara nyingi jibu limo humo humo.

Kuna moja la kuhuzunisha ni lazima niliseme. Kijana wa mtaa fulani, sitasema jina wala chuo. Mwaka wa pili alifeli yuniti kadhaa, akaona haya, karo nayo haijakamilika, akaacha kwenda. Hakumwambia mtu. Akakodi chumba na wenzake hapo hapo kwenye mji wa chuo, anafanya vibarua vya mjengo, kila mwisho wa mwezi anawapigia nyumbani anasema masomo yanaendelea. Babake alikuwa akihesabu miaka, akaanza kuuliza mahafali ni lini, tununue mbuzi. Walipojua, yule mzee aliumia kuliko kama angeambiwa siku ile ile. Na kijana alikuwa na akili, ndio kinachoniuma. Ukifeli yuniti kuna sapu, yani mtihani wa pili, kuna kurudia. Ukikosa karo, ukiugua, ukipata mimba, nyumbani kukiharibika, kuna kudifa, unaandika barua kwa chuo unaomba kusimama semista ama mwaka, wanakupa kwa maandishi, nafasi yako inakungoja. Ukipotea tu bila barua ndio unaipoteza nafasi. Vyuo vina ofisi ya Dean of Students, yani mkuu anayeshughulikia mambo ya wanafunzi, na kuna washauri ambao hawatozi pesa. Na wewe mzazi, mtoto akikwambia nimefeli, tafadhali neno la kwanza lisiwe umetuaibisha. Ukisema hivyo mara moja, hatakwambia tena kitu.

Atachi nitapita haraka. Mwaka wa tatu utatakiwa ufanye kazi mahali kwa mafunzo, na mwenye mjomba bandarini ama benki amepata tayari. Wewe usiye na mjomba anza kupeleka barua miezi mitano sita kabla, peleka nyingi, peleka kwa mkono, na uliza jina la anayezipokea. Ukikosa kwenye kampuni kubwa nenda kwenye ndogo, hapo utafundishwa kazi kweli.

Na wale ambao gredi haikufika ya digrii na mmekuja leo kumsindikiza mwenzenu, diploma na ufundi ni chuo pia, haya yote ninayosema yanawahusu, kaeni.

Niwageukie sasa wale wenzangu tuliomaliza. Mko hapa wachache, nimewaona. Najua wengine mna digrii na mnaendesha tuktuk, na mtaani mnaambiwa si mliona, kusoma kwenyewe ndio huku. Neno hilo linauma, na ajira hakuna, nisiwadanganye vijana. Lakini kile mnachokijua juu ya chuo hakikupotea kwa sababu kazi haijapatikana. Huyu mtoto wa kwanza kwao anahitaji namba ya simu moja tu, ya mtu atakayeshika usiku akipigiwa, amwambie CAT ni 30, bado uko sawa. Hiyo hata mtu asiye na kazi anaweza kuwa nayo. Naomba kila mmoja wetu aondoke hapa leo na vijana wawili, namba zao kwenye simu, na wazazi wao mjuane kwa sura. Msingoje wao wapige, wataona haya, mimi nawajua. Pigeni nyinyi wiki ya kwanza, pigeni CAT zikikaribia, pigeni kabla tarehe ya kusajili yuniti haijapita.

Basi. Pale dirishani kuna vijana wana laptop na intaneti, ambaye hajaomba HEF aanzie hapo, njooni na namba ya mtihani ya KCSE, vitambulisho vyenu na vya wazazi. Mwenye shida ya cheti cha kuzaliwa ama kitambulisho hakijatoka aje kwangu leo, asingoje wiki ya kuripoti. Waliomaliza mkae ile meza ya kati, vijana watawafuata. Na wazazi msiondoke, chai ipo na mahamri yapo, na maswali tunaanza na nyinyi kabla ya watoto wenu. Mama wa leso ya kijani pale kwa nguzo, naona umekuwa ukitaka kuongea tangu nilipokuwa kwenye habari ya caution money. Mleteeni maiki. Karibu mama, uliza.